Diski ya nje, hifadhi ya ofisini au wingu: nakala za data ya biashara yako ziwekwe wapi?

Kompyuta kuu ya ofisi ile ilikuwa imekufa asubuhi. Mhasibu hakuwa na wasiwasi mkubwa, kwa sababu kila jioni kabla ya kutoka alikuwa akitazama diski ya nje na kuhakikisha taa yake inawaka. Akaichomeka kwenye kompyuta yangu, tukafungua folda. Faili la mwisho lilikuwa la miezi minane nyuma.

Programu ya kunakili ilisimama siku nenosiri la kompyuta lilipobadilishwa. Ilijaribu kila usiku, ikashindwa kila usiku, ikaandika ujumbe wa kosa mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupafungua. Taa iliendelea kuwaka kwa kuwa ilikuwa ikionyesha kwamba umeme unaingia kwenye diski, basi. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya data huoza, tena kimyakimya.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue kifaa gani cha kuhifadhia nakala rudufu, huanzia upande wa pili: siku mfumo utakapozimika, utarudi kazini kwa njia gani, na baada ya saa ngapi? Ulinganisho huu umeandikwa kutoka upande huo.

Vigezo kwanza

Kuna namba mbili ambazo mwenye biashara mwenyewe ndiye anayezijua, si fundi. Ya kwanza ni kiasi cha kazi unachoweza kukirudia. Anayeandika ankara tano kwa siku anaweza kuzirudia kutoka kwenye karatasi, lakini anayepokea oda mia kwa saa kupitia tovuti hawezi. Namba hiyo ndiyo inayoamua unakili kila wiki, kila usiku au kila robo saa. Ya pili ni muda unaoweza kukaa bila mfumo kabla wateja hawajaanza kuondoka au mishahara haijachelewa. Kaa na watu wako, uzitaje kwa saa, uziandike. Ukiruka hatua hii utanunua kwa kufuata tangazo.

Baada ya hapo, kila chaguo nimelipima kwa mambo yaleyale: kasi ya kurejesha, majanga ya mahali (moto, mafuriko na wizi), wavamizi na makosa ya watu, kazi ya kila siku, na gharama.

Kabla sijaendelea, kuna vitu viwili ambavyo watu huvihesabu kama nakala rudufu na sivyo. Kimoja ni RAID, yaani diski mbili au zaidi zinazobeba data ileile ndani ya mashine moja. Hiyo inakuokoa diski moja ikifa. Ukifuta faili, linafutika kwenye diski zote kwa wakati mmoja. Kingine ni folda za kusawazisha kama Dropbox, OneDrive na Google Drive. Zimetengenezwa ili badiliko lililofanyika hapa lionekane kule, na badiliko hilo linaweza kuwa ni kufutwa. Kwenye Google Drive, faili lililotupwa kwenye pipa la taka huondolewa kabisa baada ya siku 30. Kosa lisipogunduliwa ndani ya muda huo, huenda kusiwe na cha kurejesha.

Diski ya nje

*Kasi ya kurejesha.* Nzuri. Diski ya kawaida ya kuzunguka, kupitia USB 3, husoma takriban megabaiti 120 kwa sekunde. Terabaiti moja inarudi ndani ya saa mbili na nusu hivi. Mafaili madogomadogo mengi huchukua muda mrefu zaidi.

*Majanga ya mahali.* Hapa inategemea diski inalala wapi. Ikikaa kwenye droo ya meza ileile, itaungua pamoja na meza. Dawa yake ni diski mbili zinazopokezana: moja ofisini, nyingine mahali pengine kabisa, zikibadilishana kila wiki.

*Wavamizi na makosa.* Hiki ndicho kigezo ambacho diski ya nje hudharauliwa bila haki. Ikichomolewa, hakuna mvamizi duniani anayeweza kuifikia. Mwezi Juni 2017 virusi vya NotPetya vilipoiangusha kampuni ya meli ya Maersk, seva zake zinazosimamia utambulisho wa watumiaji zilifutwa kote duniani, na nakala yake ya mwisho ikapatikana katika ofisi ya Ghana. Seva ya pale ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa mtandaoni virusi vilipopita. Kampuni iliyolazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ilianza kujijenga kutoka kwenye mashine moja iliyokuwa imezimika. Diski iliyochomolewa inakupa kinga ya namna hiyohiyo, kwa makusudi na kila wiki. Lakini ikiachwa imechomekwa usiku na mchana, virusi vya kudai fidia vitayafunga mafaili yake pamoja na ya kompyuta.

*Kazi ya kila siku.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Mtu lazima akumbuke kuichomeka, asubiri, aichomoe na aondoke nayo. Mwezi wa kwanza atakumbuka. Atakapoenda likizo, hakuna atakayeshika nafasi yake. Ukichagua njia hii, mpe mtu mmoja jukumu hilo kwa jina, mpe na msaidizi, na kuwe na daftari la kutia sahihi.

*Gharama.* Ndogo, na hulipwa mara moja. Ila ni lazima ifungwe kwa usimbaji fiche, yaani data igeuzwe isisomeke bila ufunguo, kwa programu kama BitLocker au VeraCrypt, kwa sababu diski inayosafiri mfukoni siku moja itasahaulika kwenye gari. Ufunguo wa kuifungulia usikae kwenye kompyuta unayoinakili.

*Inamfaa nani.* Mtu mmoja hadi ofisi ya watu wachache, data isiyobadilika kila dakika, intaneti ya kusuasua, na mtu mwenye nidhamu.

Hifadhi ya mtandao wa ofisi

Hili ni sanduku lenye diski mbili, nne au zaidi linalounganishwa kwenye ruta, la watengenezaji kama Synology na QNAP, au seva ya zamani iliyopewa kazi hiyo.

*Kasi ya kurejesha.* Bora kuliko zote kwa matumizi ya kila siku. Kupitia waya wa gigabiti moja unapata kasi inayokaribiana na ya diski ya nje, ila kwa kompyuta zote bila mtu kuinuka kitini. Masanduku mengi pia hutunza snapshoti, yaani picha ya mafaili yalivyokuwa saa fulani. Karani akiharibu faili la bei saa sita, unalirudisha lilivyokuwa saa nne, na kazi inaendelea.

*Majanga ya mahali.* Dhaifu. Limo ndani ya jengo lilelile, limechomekwa kwenye umeme uleule. Radi moja inaweza kumaliza seva na sanduku kwa pamoja.

*Wavamizi na makosa.* Hapa naomba usome polepole, kwa sababu wengi wameumia hapa. Sanduku hili linawaka saa zote, na mara nyingi linaonekana kwenye kompyuta za wafanyakazi kama diski nyingine tu. Kinachoonekana na mfanyakazi kinaonekana na virusi vilivyoingia kupitia akaunti yake. Mwezi Aprili 2021, wavamizi wa Qlocker walipita kwenye masanduku ya QNAP yaliyokuwa wazi kwenye intaneti, wakayafungia mafaili ya watu ndani ya mafurushi ya 7-Zip yenye nenosiri, kisha wakadai fidia. Hawakuhitaji programu ya ajabu. Walitumia ya kubana mafaili iliyokuwa tayari humo ndani.

Kwa hiyo: ukurasa wa usimamizi wa sanduku usifunguliwe kwenye intaneti, hata kama muuzaji alikuahidi urahisi wa kuingia kutoka nyumbani. Akaunti inayoandika nakala isiwe akaunti ya mfanyakazi yeyote. Sasisho liwekwe linapotoka. Snapshoti ziwekewe kufuli la muda kama kifaa kinaruhusu.

*Kazi ya kila siku.* Likishapangwa linajiendesha usiku. Linahitaji mtu wa TEHAMA wa kulitazama kila mwezi, kubadilisha diski iliyoanza kulalamika na kusoma taarifa zake. Kusoma, si kupokea tu.

*Gharama.* Ya mwanzo ni kubwa: sanduku, diski zake na betri ya kulinda dhidi ya kukatika kwa umeme. Baada ya hapo hakuna ada ya mwezi, ila diski ni kitu cha kuchakaa na zitabadilishwa.

*Inamfaa nani.* Ofisi yenye kompyuta kadhaa na mafaili makubwa, kama michoro, video au picha, ambako kusubiri siku nzima ni hasara.

Wingu

Hizi ni seva za kampuni nyingine unazozikodi na kuzifikia kupitia intaneti.

*Kasi ya kurejesha.* Fanya hesabu kabla ya kusaini. Terabaiti moja kwa intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde, ikienda bila kuyumba, ni takriban saa 22. Kwa megabiti 20 ni zaidi ya siku nne na nusu. Na angalia vizuri: megabiti si megabaiti, ya pili ni mara nane ya ya kwanza. Nimeona mikataba iliyosainiwa kwa kuchanganya maneno haya mawili. Kwa hifadhidata ndogo ya gigabaiti kumi, megabiti 100 zinakurudisha kazini ndani ya robo saa. Kwa hiyo wingu kuwa la haraka au la polepole kunategemea uzito wa data yako na bomba lako la intaneti.

*Majanga ya mahali.* Hapa wingu linaongoza, kwa sharti kwamba nakala iko mahali tofauti na mfumo wenyewe. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waliokuwa na mfumo na nakala mahali palepale walipoteza vyote. Uliza kwa maandishi: nakala yangu iko mji gani?

*Wavamizi na makosa.* Data iko mbali, lakini mlango wake ni nenosiri. Mwezi Juni 2014 mvamizi aliingia kwenye akaunti ya wingu la Amazon ya kampuni ya Code Spaces. Kampuni ilipojaribu kumtoa, alianza kufuta, na nakala nyingi zilikuwa chini ya akaunti ileile. Biashara ilifungwa. Mwezi Mei 2024, mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia ulijikuta wingu lake binafsi ndani ya Google Cloud limefutwa kwa kosa la mpangilio upande wa mtoa huduma. Ulikuwa umetunza data katika maeneo mawili, lakini yote mawili yalikuwa chini ya usajili mmoja, na yote yakaenda. Nakala zilizokuwa nje ya usajili huo, zikiwemo za kwa mtoa huduma mwingine, ndizo zilizosaidia kuurudisha.

Matukio hayo mawili, moja la adui na moja la rafiki, yanadai matengenezo yaleyale: akaunti ya nakala itenganishwe na akaunti ya kazi, uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe kwa kila msimamizi, na kufuli la kuzuia kufuta litumike. Kwenye Amazon S3, huduma ya hifadhi ya Amazon, linaitwa Object Lock, na huduma nyingine kama Backblaze B2 na Wasabi wanalo. Likipangwa kwa hali yake kali (compliance), ndani ya siku ulizopanga faili haliwezi kufutwa.

*Kazi ya kila siku.* Ndogo kuliko zote, na hiyo ndiyo hatari yake: watu husahau kwamba kuna kitu cha kukagua.

*Gharama.* Kila mwezi, na hukua kadiri data inavyokua. Baadhi ya watoa huduma hutoza pia kwa kuitoa data, kwa hiyo bili kubwa inaweza kuja wiki ileile ya maafa. Soma kipengele hicho mapema. Kama unashika taarifa za wateja, soma pia sheria ya nchi yako kuhusu data binafsi kuvuka mipaka.

*Inamfaa nani.* Biashara yenye data nyepesi hadi ya wastani, wafanyakazi waliotawanyika, na intaneti ya kutegemewa.

Je, ni lazima kuchagua moja?

Wapigapicha wana kanuni iliyoenezwa na mwenzao Peter Krogh: nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Data unayofanyia kazi inahesabiwa kama nakala ya kwanza, kwa hiyo unahitaji mbili zaidi. Ukiangalia udhaifu wa kila chaguo hapo juu utaona kwa nini kanuni hii imedumu. Kinachoangusha sanduku la ofisini hakiangushi wingu, na anayeiba nenosiri la wingu hawezi kuifikia diski iliyo kabatini. Kama bajeti inaruhusu mbili, chukua mbili zisizokufa kwa sababu moja.

Na upimaji: uanzie wapi?

Hapa pia kuna machaguo matatu ambayo wauzaji huyachanganya.

Zoezi la kurejesha linajibu swali moja: je, nakala inafunguka, na kwa muda gani? Halihitaji mtaalamu wa nje. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya programu, alifuta kwa bahati mbaya folda ya hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Walipogeukia nakala, hakuna hata njia moja kati ya tano walizokuwa nazo iliyofanya kazi ipasavyo. Programu ya kunakili ilikuwa ikishindwa kwa kuwa toleo lake halikulingana na la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua. Waliokolewa na picha ya mfumo ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Ni kisa kilekile cha mhasibu na taa yake, katika kampuni iliyojaa wahandisi.

Skani ya udhaifu ni programu, kama Nessus au OpenVAS, inayopita kwenye mashine zako na kuorodhesha milango iliyo wazi na matoleo yaliyopitwa na wakati. Ni rahisi na inarudiwa mara kwa mara. Wengi wanaoshughulika na malipo ya kadi hutakiwa na PCI DSS, kanuni za usalama wa data za kadi, kuifanya angalau kila baada ya miezi mitatu. Hutoa orodha ndefu, na si kila kilichomo ni hatari ya kweli.

Jaribio la kupenya ni mtu hasa, uliyemruhusu kwa maandishi, anayejaribu kuingia kama adui angeingia. Yeye huunganisha makosa madogo matatu kuwa njia moja ya kufika kwenye nakala zako, kazi ambayo skani haiiwezi. Ni ghali zaidi. Kumlipa mtu huyo kabla hujafanya zoezi la kurejesha na skani ni kumlipa akuambie mambo ambayo ungeyaona mwenyewe. Ukimwita, mwombe ajaribu kufika kwenye nakala rudufu, si kwenye tovuti peke yake.

Kuhusu mpango wa kurejea kazini: uandike kwenye karatasi. Nani anapigiwa simu kwanza, mfumo gani unarudishwa kwanza, nywila na funguo za usimbaji ziko wapi, nani ana ruhusa ya kutangazia wateja. Mpango uliohifadhiwa kwenye seva iliyokufa haumsaidii mtu.

Kwa hali yako

Unafanya kazi peke yako na data yako haizidi gigabaiti mia kadhaa: diski mbili zinazopokezana zinatosha kuanzia, na mafaili ya fedha yaende pia kwenye wingu kila usiku.

Ofisi ya watu watano hadi ishirini yenye mafaili makubwa: sanduku la ofisini kwa kurejesha haraka, na ya muhimu zaidi yapelekwe wingu usiku yakiwa na kufuli la muda. Kama intaneti haiwezi, diski inayotoka jengoni kila Ijumaa ishike nafasi ya wingu.

Duka la mtandaoni au mfumo unaoandika miamala kila dakika: kunakili usiku hakutoshi. Tafuta kunakili kwa mfululizo kwa hifadhidata yenyewe, na nakala ya pili kwa mtoa huduma tofauti na anayekupangishia seva.

Kliniki, ofisi ya sheria, yeyote anayeshika siri za watu: usimbaji fiche kabla data haijatoka jengoni, na ufunguo uwe mikononi mwa watu wawili. Ukipotea, hata mtoa huduma hataweza kuifungua data hiyo.

Intaneti na umeme vya kusuasua: tegemea diski na sanduku lenye betri, na chagua mafaili machache yasiyoweza kutengenezwa upya ndiyo yapande wingu.

Na kama tayari unavyo vyote: chagua faili moja la miezi mitatu iliyopita bila kumwambia fundi mapema. Mwombe alirejeshe kwenye kompyuta nyingine, si ileile. Lifunguliwe mbele yako, lisogezwe hadi ukurasa wa mwisho, na uandike zimepita dakika ngapi.